Mchagua Jembe: Historia Fupi ya Pikipiki za Safari

Wahenga wetu walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Mithali hii hutumiwa kumkemea mvivu, yule ambaye mvua zikianza husimama ukingoni mwa shamba akilaumu mpini kuwa mfupi na bamba kuwa butu, ili jua lipande na kazi impite. Kwa maana hiyo mithali ni ya kweli, nami sina nia ya kuipinga. Lakini mithali, msomaji, ni kama dawa. Humponya mgonjwa aliyetengenezewa, na humdhuru mwingine akipewa bila kupimwa.

Nasema hivi kwa kuwa mimi mwenyewe niliwahi kuitoa dawa hiyo vibaya. Miaka michache iliyopita kijana mmoja niliyemfundisha katika chuo cha ualimu alinijia kutaka shauri. Kimo chake ni kifupi na mwili wake ni mwembamba. Alikuwa amepewa kazi katika shule iliyo mbali na kwao, akaweka akiba ya mshahara wake, na sasa alitaka kununua pikipiki ya kumpeleka kazini kila siku, na wakati wa likizo kumrudisha nyumbani kwa wazazi wake, safari ya siku nzima. Alikuwa ameona pikipiki mbili. Moja ilikuwa ndogo na ya kawaida. Ya pili ilikuwa kubwa na ndefu, yenye tangi pana na rangi ya kung'aa. Akaniuliza, "Mwalimu, ni ipi inayonifaa?" Mbele yangu palikuwa na madaftari mengi ya kusahihisha. Nikamjibu kwa mkato, bila hata kuinua macho, "Mchagua jembe si mkulima."

Kijana akanunua ile kubwa. Majuma machache baadaye alikuwa akiteremka kilima katika barabara ya murramu, mbuzi wakavuka njia mbele yake. Hakuwa akienda mbio. Alifunga breki vizuri, chombo kikasimama kama kinavyotakiwa. Ndipo aliposhusha mguu kuitafuta ardhi, asiipate. Pikipiki ililala polepole upande wa bonde, ikamwangukia mguuni na kuuvunja. Mbuzi walipita salama. Nilipokwenda kumtazama hospitalini hakunilaumu hata kwa neno moja. Laiti angalinilaumu, ningalipata nafuu.

Insha hii ni jibu nililopaswa kumpa siku ile. Nalo linaanza mbali, kwa sababu swali lake lina umri mkubwa kuliko yeye na mimi. Tangu mtu alipotia injini katika magurudumu mawili, amekuwa akiuliza: je, mtu ndiye apimwe ili akifae chombo, ama chombo ndicho kipimwe ili kimfae mtu?

Mwaka 1885, katika mji wa Cannstatt huko Ujerumani, Gottlieb Daimler na msaidizi wake Wilhelm Maybach walitia injini ndogo ya petroli katika fremu ya mbao. Chombo kilikuwa na magurudumu mawili makubwa, moja mbele na moja nyuma, pamoja na vigurudumu viwili vya kukizuia kisianguke ubavu. Daimler hakuwa akimtafutia mpandaji raha. Alitaka kuijaribu injini yake. Mwanawe Paul ndiye aliyekiendesha mwezi wa Novemba mwaka huo, na inasimuliwa kwamba katika safari ile kiti kilishika moto, maana injini ilikuwa chini yake. Basi waweza kusema kwamba katika pikipiki ya kwanza mtu alikuwa mzigo wa injini. Hakuna aliyeuliza kama ameketi vizuri.

Miaka tisa baadaye, mwaka 1894, kampuni ya Hildebrand na Wolfmüller katika mji wa München ilianza kutengeneza pikipiki nyingi za namna moja kwa ajili ya kuuza. Hizo ndizo za kwanza duniani kutengenezwa kwa namna hiyo. Injini yake ilikuwa na ujazo wa karibu sentimita 1,500. Yafaa nieleze neno hilo, maana litarudi mara nyingi. Ndani ya injini pistoni hupanda na kushuka katika silinda, na ile nafasi inayofagiwa na pistoni kwa kupanda kwake ndiyo tunayoipima kwa sentimita za ujazo. Leo mtu akisikia 1,500 atadhani ni chombo cha kutisha. Lakini injini ile yote ilitoa nguvu isiyofika ya farasi 3, na pikipiki nyingi ndogo za bodaboda zinazopita mbele ya shule yako huishinda mara mbili na zaidi. Hili ni funzo la kwanza la historia yetu: ukubwa wa chombo na uwezo wake ni mambo mawili mbalimbali. Anayenunua ukubwa asidhani daima kwamba amenunua nguvu.

Sasa tuiache karne ile tuende London, tarehe 11 Desemba 1934. Siku hiyo wanawake wawili, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka katika mji huo kwa pikipiki wakiwa na nia ya kufika Cape Town, kusini kabisa mwa Afrika. Wallach alikuwa na umri wa miaka 25, na alikuwa amesomea uhandisi. Mbele yao ilikuwako bahari ya Mediterania, halafu jangwa la Sahara, halafu misitu na mito ya Afrika ya kati, katika siku ambazo sehemu kubwa ya njia hiyo haikuwa na barabara yoyote inayostahili jina hilo.

Chombo walichokitumia kilikuwa Panther, kilichotengenezwa na kiwanda cha Phelon & Moore katika mji wa Cleckheaton, jimbo la Yorkshire. Injini ilikuwa ya silinda moja, yenye ujazo wa karibu sentimita 600. Ubavuni kilifungwa kigari chenye gurudumu la tatu, na nyuma likafungwa tela la mizigo.

Hebu tuupime uchaguzi huo kwa mizani ya akili. Wasafiri walikuwa wawili. Walihitaji hema, chakula, maji, petroli na vipuri, maana huwezi kununua mnyororo katikati ya jangwa. Mizigo hiyo haiwezi kukaa juu ya pikipiki ya magurudumu mawili pamoja na watu wawili. Basi kigari na tela vilikuwa vya lazima, na chombo cha kuvuta vitu hivyo hakina budi kuwa na injini inayovuta kwa nguvu hata inapozunguka polepole. Injini kubwa ya silinda moja ina tabia hiyo. Tena ina vipande vichache, na kilicho na vipande vichache hakina mengi ya kuharibika, nacho hufunguliwa kwa spana chache. Na juu ya hayo, mwenye kigari cha ubavuni haulizi kama miguu yake yafika chini, kwa kuwa chombo cha magurudumu matatu husimama chenyewe. Urefu na ufupi wa mpandaji ukawa si neno.

Lakini kila uchaguzi una deni lake, na msafiri hulilipa njiani. Uzito uliowapa hema na maji ndio uliowazamisha mchangani, wakawa wa kuchimba na kusukuma, kisha kuchimba tena. Walipokaribia Agadez, katika nchi ambayo sasa ni Niger, injini iliharibika, ikabidi ifunguliwe yote na kuundwa upya katika mji ule. Hapo ndipo elimu ya Wallach ilipokuwa na thamani kuliko mafuta. Baada ya kazi hiyo waliendelea, wakapita Nigeria na Kongo, wakapita Afrika ya Mashariki, na tarehe 29 Julai 1935 wakaingia Cape Town. Safari ilichukua miezi saba na nusu.

Twajifunza nini kwao? Chombo chao hakikuwa chepesi wala cha kasi, na sioni sababu ya kukiita kizuri kuliko vyote vya wakati wao. Kilikuwa kimefaa mambo matatu: mzigo wao, njia yao, na maarifa ya mikono yao. Mtu mwingine asiyejua kufungua injini angalikuwa na Panther ile ile, na safari yake ingaliishia Agadez. Kumbuka jina la Wallach, msomaji, maana nitarudi kwake.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia swali letu lilipata jibu jipya kutoka Ujapani. Soichiro Honda alikuwa fundi mwenye kipaji, na mwenzake Takeo Fujisawa ndiye aliyeshika biashara. Mwaka 1956 wawili hao walizuru Ulaya wakatazama vyombo vidogo vya huko, na Fujisawa akaona kwamba hakuna kimoja kinachowafaa watu wa kwao. Barabara nyingi za Ujapani wakati ule zilikuwa za udongo. Tena alitaka chombo ambacho kijana wa mkahawa anayepeleka tambi kwa wateja aweze kukiendesha kwa mkono mmoja, huku mkono wa pili umeshika sinia.

Basi angalia jinsi kazi ilivyogeuka. Daimler alianza na injini, akamweka mtu juu yake. Honda na Fujisawa walianza na mtu, wakatafuta injini ya kumfaa. Kwa kuwa mkono mmoja una sinia, wenzo wa klachi mkononi uliondolewa, na klachi ikafanywa ijiendeshe yenyewe. Kwa kuwa si kila mtu ana miguu mirefu ya kurusha juu ya tangi, tangi liliwekwa chini ya kiti na mbele pakaachwa wazi, ili hata mwenye sketi apite bila taabu. Kwa kuwa njia zina mashimo, magurudumu yalifanywa makubwa kuliko ya skuta za Ulaya. Chombo hicho, Super Cub, kilitolewa mwaka 1958 kikiwa na injini ya sentimita 49 tu, na uzito usiofika kilo 60. Watu walipokitazama mara ya kwanza wangeweza kukicheka. Lakini kufikia mwaka 2017 vyombo vya jamii hiyo vilivyotengenezwa vilitimia milioni 100, na hakuna chombo kingine cha injini duniani kilichotengenezwa kwa wingi kama huo. Watu wamevitumia kwenda sokoni, na wengine wamevitumia kuvuka mabara. Usione vyaelea, vimeundwa. Na hiki kiliundwa kwa kipimo cha mwili wa mtu.

Hata hivyo ulimwengu haukuacha kupenda ukubwa. Mwaka 1975 kampuni hiyo hiyo ya Honda ilianza kuuza Gold Wing, pikipiki ya silinda nne na ujazo wa sentimita 999, yenye uzito wa zaidi ya kilo 260. Ilikusudiwa kwa barabara pana za Marekani, ambako mtu huweza kwenda siku nzima juu ya lami iliyonyooka bila kusimama ila kwa petroli. Huko, uzito ni rafiki: hutuliza chombo katika upepo na humpumzisha mpandaji. Nao mafundi walijua hatari yake. Ndiyo sababu injini iliwekwa imelala, silinda mbili upande huu na mbili upande ule, na tangi la petroli likatiwa chini ya kiti badala ya juu, ili uzito wote ukae karibu na ardhi.

Hapa nataka ufahamu jambo moja la fizikia, kwa kuwa ndilo lililomvunja mguu mwanafunzi wangu. Pikipiki iliyosimama wima haihitaji nguvu kuishikilia. Uzito wake wote huchukuliwa na magurudumu. Ikiinama kidogo, sehemu ya uzito huo huanza kuvuta kuelekea chini, nawe huizuia kwa mguu na mikono. Ikiinama nyuzi 5, kazi ni ndogo. Ikiinama nyuzi 20, nguvu inayoiangusha imekuwa karibu mara nne ya ile ya kwanza. Mwenye miguu inayofika chini huizuia ikiwa katika nyuzi 5, kwa hiyo mtoto wa shule aweza kuimudu. Mwenye miguu mifupi hana budi kuilaza kwanza ndipo aipate ardhi, na wakati huo imekwisha kuwa nzito kuliko mtu. Kwa hiyo kosa halikuwa udhaifu wa kijana yule. Alifika ardhini akiwa amechelewa kwa sentimita chache. Na kama ardhi ni mteremko, au changarawe inayoteleza, sentimita hizo huongezeka.

Pengine utanijibu kwamba wako watu wafupi walioendesha pikipiki ndefu wakashinda dunia. Ni kweli, nami nitakutajia mmoja. Mwaka 1980 kampuni ya BMW ya Ujerumani ilitoa pikipiki iliyoitwa R 80 G/S, yenye ujazo wa karibu sentimita 800, iliyoweza kwenda juu ya lami na nje ya lami. Ilinyanyuliwa juu ili ipite katika mawe na mchanga. Pikipiki za jamii hiyo, zilizotengenezwa kwa mashindano, zilishinda mbio za Paris hadi Dakar mwaka 1981 na 1983 chini ya Mfaransa Hubert Auriol, na mwaka 1984 na 1985 chini ya Mbelgiji Gaston Rahier. Rahier alikuwa mtu mfupi, asiyefika sentimita 170. Juu ya chombo kile kirefu, chenye tangi kubwa la jangwani, miguu yake haikufika chini. Alikuwa akikiondoa kwa kukirukia huku kimekwisha kuanza kwenda.

Lakini Rahier alikuwa nani? Alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za matopeni mara tatu mfululizo, mwaka 1975, 1976 na 1977, katika daraja la pikipiki za sentimita 125. Mtu huyo alijifunza juu ya chombo kidogo mpaka kikawa kiungo cha mwili wake, ndipo akapanda kikubwa. Tena alikuwa katika mashindano, na nyuma yake walikuwako mafundi. Wewe utakaposimama peke yako kwenye kilima, na mvua yanyesha, na mzigo wa unga umefungwa nyuma, hutakuwa na fundi wa kukushikia. Mfano wa Rahier wafundisha ustahimilivu na ustadi, haufundishi kununua.

Zaidi ya hayo, safari ndefu haidai chombo kikubwa kuliko vyote. Mwezi wa Oktoba 1973 Ted Simon, mwandishi wa magazeti kutoka Uingereza, aliondoka London kuizunguka dunia kwa pikipiki ya Triumph yenye ujazo wa sentimita 500. Kampuni hiyo wakati ule ilikuwa ikiuza pia za 650 na za 750. Alishuka Afrika kutoka Tunisia mpaka kusini, akapita hapa Kenya, akaenda Amerika ya Kusini, Australia na Asia, na alipomaliza mwaka 1977 alikuwa amepita katika nchi 45 na kusafiri zaidi ya kilomita 100,000. Hakuna aliyemwambia mwishoni kwamba chombo chake kilikuwa kidogo.

Sasa, kama nilivyoahidi, narudi kwa Theresa Wallach. Mwaka 1939, katika kiwanja cha mbio cha Brooklands, aliendesha pikipiki ya Norton ya sentimita 350 kwa mwendo uliopita maili 100 kwa saa, yaani zaidi ya kilomita 160, akapata nishani ya nyota ya dhahabu iliyotolewa kwa wachache walioweza jambo hilo. Wakati wa vita alilitumikia jeshi la Uingereza kama tarishi wa pikipiki. Vita vilipokwisha alisafiri Marekani kwa muda mrefu, na katika miaka ya 1950 akahamia Chicago, ambako alifungua duka la pikipiki.

Mwenye duka hupata faida kubwa akiuza kitu kikubwa. Lakini imeandikwa juu ya Wallach kwamba mwanafunzi asiyejua kuendesha alipoingia dukani akitaka chombo kilichomzidi, alikataa kumwuzia, na badala yake alimfundisha kuendesha. Baadaye aliacha biashara hiyo akafungua shule ya waendeshaji katika jimbo la Arizona. Aliendelea kupanda pikipiki mpaka alipokuwa na umri wa miaka 88, macho yake yalipodhoofu. Alifariki tarehe 30 Aprili 1999, siku aliyotimiza miaka 90.

Fikiri juu ya mwanamke huyo. Alikuwa amevuka Sahara kwa chombo kizito. Alikuwa amekimbia kilomita 160 kwa saa kwa chombo kidogo. Hakuna awezaye kusema kwamba alikataza kwa woga. Alikataza kwa kuwa aliona vyombo vingi na watu wengi, akajua kwamba tamaa ya macho haina kipimo, bali mguu unacho. Yeye alitazama mtu aliyekuja kuuliza. Mimi niliyatazama madaftari.

Basi, msomaji, siku itakapokuja ya wewe kuchagua, au ndugu yako akikuuliza, yachukue haya niliyoyatoa katika historia hii.

Kwanza, mguu. Kaa juu ya chombo ukiwa umevaa viatu utakavyosafiri navyo, ukiondoe stendi, ukisimamishe wima. Nyayo zote mbili zikitulia chini, ni vyema. Vidole tu vikigusa, ujue kwamba barabara yenye mteremko itakunyima hata hivyo vidole. Usiangalie urefu wa kiti peke yake. Kiti chembamba humfikisha chini mtu mfupi, na kiti kipana hupanua mapaja na kuila miguu. Mtu mrefu naye asijidanganye. Chombo kifupi mno hukunja magoti yake, na baada ya saa mbili magoti hayo yatamsimulia.

Pili, mikono na mgongo. Shika usukani, uugeuze kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho. Kama mkono mmoja wanyooka kabisa na bega lafuata, usukani huo u mbali nawe. Kisha shuka, ukisukume chombo mbele na nyuma kama utakavyokisukuma siku kitakapozimika. Mtu hujikuna ajipatapo. Usichoweza kukisukuma katika uwanja ulio tambarare, hutaweza kukiinua katika tope.

Tatu, mzigo na njia. Panda ukiwa na mzigo wako, na kama utambeba mtu, naye apande; maana chombo kikiwa kitupu husema uongo. Mzigo wa juu huinua uzito, nawe sasa wajua maana yake. Halafu ijue njia yako. Barabara ya Isiolo hadi Moyale, karibu kilomita 500, zamani ilikuwa mawe na vumbi la kuvunja vyombo. Leo ina lami. Chombo kilichofaa njia ile ya zamani si lazima kiwe kile kinachofaa hii ya sasa. Ukiacha lami ukaingia njia ya kwenu, labda mambo hubadilika tena.

Nne, petroli na fundi. Ikiwa tangi lina lita 12, na lita moja hukupeleka kilomita 30, basi mwisho wako ni kilomita 360, wala si moja zaidi. Piga hesabu hiyo kabla ya kulipa fedha. Uliza pia kama vipuri vyapatikana katika soko la karibu, na kama fundi wa huko anakijua chombo hicho, au wewe mwenyewe waweza kukifungua. Agadez ya kila msafiri ipo mahali fulani njiani, ingawa hajui ni wapi.

Tano, maarifa. Anza na kidogo, ukue nacho. Hata bingwa wa jangwa alitoka katika 125.

Kijana wangu alipona. Anachechemea kidogo wakati wa baridi. Pikipiki ile kubwa aliiuza kwa hasara, akanunua ndogo, na kila likizo huenda nayo nyumbani na kurudi, safari ile ile ya siku nzima. Safari hii, kabla ya kununua, alikuja tena kuniuliza. Niliyafunga madaftari tukaenda pamoja, nami nikamwambia aketi juu ya chombo, ashushe miguu.

Wala mithali ya wahenga haikuvunjika. Mtazame mkulima hodari, si wakati wa mvua, bali kabla yake. Huenda msituni akakata mti kwa ajili ya mpini, akausimamisha ubavuni mwake, akaupima kwa kimo chake na kwa mkono wake, akauchonga na kuujaribu, akauchonga tena. Mvua zikija, hachagui. Amekwisha kuchagua.